Moto Huu Unapumulia Wapi? Kupasha Nyumba Joto kwa Jiko la Kuni bila Kuhatarisha Maisha

Mazungumzo ya afisa afya na wakazi wa kata katika mkutano wa hadhara, mwanzoni mwa majira ya baridi. Yanachapishwa hapa ili wale ambao hawakuhudhuria nao wayasome, au wasomewe.



Nimeombwa nizungumze juu ya baridi na moto. Baridi yenyewe sina haja ya kuwaeleza. Sisi wa Nyanda za Juu Kusini, kuanzia Mufindi na Njombe hadi Makete na Uwanda wa Kitulo ulioinuka karibu mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, twaijua miezi ya Juni, Julai na Agosti. Kuna alfajiri ambapo umande huganda juu ya majani ya viazi, na mtoto aendaye shule huiona pumzi yake mwenyewe mbele ya uso wake kama moshi. Kumwambia mtu wa huku asiwashe moto nyumbani mwake ni sawa na kumwambia asile. Sikuja kuwaambia hivyo.

Nimekuja na swali moja tu, nami naomba kila mmoja wetu aondoke nalo na kulipeleka nyumbani. Kabla ya kuwasha moto wowote ndani ya nyumba, jiulize: moto huu unapumulia wapi?

Moto ni kama kiumbe hai. Unakula kuni, unavuta hewa, na unatoa pumzi. Ukiunyima hewa ya kuvuta, unawaka vibaya. Ukiunyima njia ya kutolea pumzi yake, pumzi hiyo inabaki chumbani na inakuwa yetu. Hapo ndipo yanapoanzia mauti tunayoyasikia kila mwaka wakati wa baridi: watu wamelala wakiwa wazima, wamejifunika vizuri, mlango umefungwa, na asubuhi hakuna aliyeamka kuufungua.

Najua mzee mmoja hapa moyoni mwake anasema, “Sisi tumelala na moto tangu utoto wetu, na mbona tupo?” Ni hoja ya haki, nami nataka kuijibu kwa heshima. Nyumba ya zamani ilikuwa na paa la nyasi, na moshi ulipenya katika nyasi ukatoka. Kati ya ukuta na paa palikuwa na uwazi mzunguko wote. Nyumba ile ilikuwa ikipumua yenyewe. Leo tumejenga kwa matofali ya kuchoma, tumepiga lipu, tumeezeka kwa bati, tumeweka dari na madirisha ya vioo. Haya ni maendeleo, na tunajivunia. Lakini tumeibadili nyumba bila kuibadili desturi ya moto. Tumeuchukua moto uliozoea nyumba inayopumua, tukauingiza katika nyumba iliyoziba. Na baridi inapozidi, tunachukua magunia na maboksi tukaziba hata yale matundu ya hewa ambayo fundi aliyaacha juu ya madirisha.

Wala nisiseme kwamba nyumba ya zamani haikuwa na madhara. Moshi ule uliwaumiza mama zetu macho na vifua kwa miaka mingi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa katika mwaka 2020 watu milioni 3.2 duniani walikufa kutokana na uchafuzi wa hewa majumbani, na miongoni mwao zaidi ya 237,000 walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Hao wengi wao hawakufa usiku mmoja. Moshi uliwala polepole. Leo lakini nitasema zaidi juu ya kile kinachoua kwa usiku mmoja.

Ndugu zangu, wahenga walisema kwamba panapofuka moshi hapakosi moto. Mimi nawaongezea: pasipofuka moshi, haimaanishi hapana sumu. Kuni au mkaa unapowaka bila hewa ya kutosha, hutoa gesi iitwayo kaboni monoksidi. Gesi hii haina rangi, haina harufu, wala haiwashi macho. Huingia mapafuni pamoja na hewa tunayovuta, kisha hushikamana na damu. Nguvu yake ya kushikamana na damu huzidi ile ya oksijeni kwa zaidi ya mara 200. Kwa hiyo damu inayopaswa kubeba oksijeni inabeba sumu, na ubongo na moyo vinakosa riziki yake. Nasi wa milimani tuna jambo moja zaidi la kuzingatia: hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya pwani, hivyo kila pumzi yetu tayari ina oksijeni pungufu.

Kosa kubwa kuliko yote linatokana na nia njema. Mtu huwasha jiko la mkaa nje, akasubiri moshi uishe na mkaa uive na kuwa mwekundu kabisa, kisha akaliingiza chumbani akiamini kuwa limekuwa salama. Wengine huchota makaa ya kuni jikoni wakayatia kwenye karai na kuyaweka uvunguni. Mkaa mwekundu usio na moshi ndio unaotoa kaboni monoksidi kwa wingi. Tulichokisubiri kiishe ni ile dalili ya kutuonya. Hatari yenyewe imebaki. Kikulacho ki nguoni mwako.

Na kwa nini watu hawaamki? Kwa sababu sumu hii huanza kwa kuumiza kichwa kidogo, kuleta kizunguzungu, kichefuchefu na ulegevu wa viungo. Aliye macho aweza kuyahisi hayo. Aliyelala hayahisi. Usingizi wake unazidi kuwa mzito mpaka unakuwa si usingizi tena. Hata yule anayezinduka aweza kukuta miguu haimbebi kufika mlangoni. Ndiyo maana nasema bila kuzungusha maneno: jiko la mkaa, karai la makaa, jiko la gesi la kupikia na jenereta havifai kupashia joto chumba cha kulala, hata kidogo. Usidanganywe na dirisha lililoachwa wazi kiasi cha vidole viwili. Vyote hivyo vinapumulia ndani.

Basi ni moto gani unaofaa kukaa nyumbani? Ni ule unaopumulia nje: jiko la kuni lililofunikwa, lenye mlango wake na bomba la moshi linalopita juu ya paa, au meko ya matofali yenye dohani. Jiko la namna hii likijengwa vema na kutunzwa hupasha sebule joto kwa kuni chache, na pumzi yake huishia angani. Lakini kuwa na bomba hakutoshi. Kuna mambo matano ya kutazama.

Jambo la kwanza ni mahali. Jiko lisimame juu ya saruji, vigae au matofali, kamwe si juu ya mbao wala zulia. Liwe mbali na ukuta wa mbao, pazia, kitanda na makochi kwa kiasi cha sentimita 90. Nguo za shule za watoto tunazozianika karibu na moto ziwe mbali vivyo hivyo, maana nguo ikikauka hudondoka, na ikidondokea jikoni huwaka watu wakiwa wamelala. Penye watoto wadogo pawekwe kizuizi kisichoanguka.

Jambo la pili ni bomba. Msitumie bati jembamba la kuezekea lililokunjwa. Joto na tindikali za moshi hulitoboa upesi, na tundu dogo ndani ya dari halionekani mpaka nyumba imeungua. Tafuta fundi wa kuchomelea atumie chuma kinene. Bomba linapopita kwenye dari na paa, mbao za kenchi na papi zisiwe karibu nalo. Ziwe umbali wa sentimita 45, au bomba liingizwe katika dohani ya matofali, na hata matofali hayo mbao zisiyaguse. Juu ya paa, bomba lichomoze angalau sentimita 90 kutoka pale linapotokea, na liwe juu kwa sentimita 60 kuliko sehemu yoyote ya paa iliyo ndani ya mita 3 kutoka kwake. Bomba fupi hurudishiwa moshi na upepo.

Jambo la tatu ni hewa ya kuingia. Moto ukitoa pumzi kupitia bombani, lazima upate hewa nyingine ya kuvuta. Ukiziba kila ufa, bomba halitavuta. Moshi na gesi vitarudi chumbani. Basi yale matundu ya juu ya madirisha yaacheni wazi. Na hapa kuna jambo ambalo wenye majiko mazuri hulikosea: kufunga kifuniko cha bomba usiku ili joto lisipotee. Makaa yangali mekundu, nawe umemziba pua. Jiko la namna hiyo halina tofauti na karai la makaa uvunguni. Kifuniko kisifungwe kabisa mpaka moto uzimike na majivu yapoe.

Jambo la nne ni kuni zenyewe. Hapa kwetu kuni ni za miwati, mikaratusi na misindano, na watu hubishana ipi ni bora. Jambo kubwa kuliko aina ya mti ni ukavu. Mti uliokatwa leo waweza kuwa na maji yanayokaribia nusu ya uzito wake. Ukiutia jikoni, moto unatumia nguvu zake kuchemsha maji badala ya kukupasha joto. Moshi wake ni mwingi na wa baridi, na ukipanda bombani huganda ukawa masizi meusi yenye utomvu kama lami. Masizi hayo ni kuni zilizojificha. Siku yakishika moto, bomba huunguruma kama upepo mkali, na joto lake laweza kuwasha paa.

Kuni nzuri huwa na unyevu usiozidi asilimia 20, na hufikia hapo baada ya miezi sita hadi mwaka zikiwa zimepasuliwa na kupangwa penye upepo. Sasa tazameni kalenda yetu. Mvua zetu ni kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei, na baridi inakuja mara tu mvua zinapokatika. Anayekata kuni Mei ili aziwashe Juni anawasha maji. Kuni za baridi ya mwakani zipasuliwe mwaka huu, kuanzia Agosti hadi Oktoba wakati wa jua na upepo, kisha zipangwe juu ya magogo zisiguse ardhi, zifunikwe juu kwa bati na pembeni ziachwe wazi. Utazijua zilizokauka: ncha zake zina nyufa, gome linabanduka, na ukigonganisha mbili hutoa mlio mkali. Kuni inayochuruzika povu motoni bado mbichi.

Hapa naomba niwaonye juu ya jambo la maeneo yetu hasa. Msichome vipande vya nguzo za umeme wala mbao zilizotiwa dawa ya kuzuia mchwa na kuoza. Baadhi ya dawa hizo zina arseniki, kromi na shaba. Moshi wake ni sumu, na majivu yake yakitupwa kwenye mboga yanaipeleka sumu hiyo mezani. Plastiki, mbao zilizopakwa rangi na matairi navyo visiingie jikoni. Na moto usiwashwe kwa petroli wala mafuta ya taa.

Bomba lisuguliwe kwa brashi ya waya angalau mara moja kila mwaka, kabla ya Juni. Masizi yakifikia unene wa milimita 3, usisubiri mwaka uishe. Likishika moto, funga mlango wa jiko na tundu lake la hewa, watoe watu wote nje, na piga simu namba 114 ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Usimwage maji bombani; hugeuka mvuke kwa ghafla na kulipasua.

Jambo la tano ni majivu. Majivu yanayoonekana kuwa meupe na baridi yaweza kuficha kaa hai kwa siku kadhaa, na kaa hilo bado linatoa gesi. Yatiwe katika chombo cha chuma chenye mfuniko, kiwekwe nje, mbali na ukuta na banda la kuni. Ndoo ya plastiki na gunia havifai, wala stoo si mahali pake. Yakipoa kabisa ndipo yaende shambani.

Sasa nije kwenye usiku wenyewe. Kanuni ni hii: pasha nyumba joto kabla ya kulala, kisha lala bila moto. Washa jiko la sebuleni jioni, watu wakae, wale, wazungumze, na milango ya vyumba iachwe wazi joto lienee. Kuta za matofali huhifadhi joto hilo kwa saa nyingi. Saa moja kabla ya kulala acha kuongeza kuni. Kitandani tumia blanketi, soksi, kofia, na chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri na kuzungushiwa kitambaa. Dari na zulia, na pazia zito dirishani, huhifadhi joto bila kumdhuru mtu.

Nina neno la pekee kwa mama zangu na kwa mabibi wanaowahudumia wazazi. Tuna desturi ya kumtunza mama aliyejifungua katika chumba chenye joto, na ni desturi ya upendo. Lakini chumba hicho ndicho mara nyingi kinachozibwa kuliko vyote, na ndicho kinachowekewa makaa. Mtoto mchanga hupumua haraka kuliko mtu mzima, na sumu humfikia mapema. Aliye tumboni naye huipata kupitia damu ya mama yake. Mtoto mchanga apashwe joto kifuani mwa mama yake, ngozi kwa ngozi, kichwa kikiwa na kofia, na wote wawili wamefunikwa blanketi. Wakunga wetu huita njia ya kangaruu, na huitumia hata kwa watoto waliozaliwa kabla ya wakati. Hakuna karai la makaa linaloishinda.

Na ikitokea bahati mbaya? Kwanza ijueni dalili. Wakiumwa kichwa na kusikia kichefuchefu watu wote wa nyumba moja kwa pamoja, kisha wakipata nafuu wanapotoka nje, msiseme ni malaria wala mafua. Tokeni wote, na msirudi mpaka moto umeondolewa na nyumba imepata hewa. Ukimkuta mtu amezimia chumbani mwenye moto, fungua mlango na madirisha, vuta pumzi nje kabla ya kuingia, mtoe upesi, usikae ndani kuuliza maswali. Wapo waokoaji walioanguka pale pale. Akiwa anapumua, mlaze ubavu. Asipopumua, aliyefundishwa huduma ya kwanza aanze mara moja, na mgonjwa akimbizwe kituo cha afya apewe oksijeni.

Msimnyweshe maziwa. Najua tunayaamini maziwa kwa kila sumu, lakini sumu hii imepita mapafuni, haiko tumboni, na aliyezimia akinyweshwa chochote aweza kupaliwa. Mkifika kituoni, semeni neno hili kabla ya lingine lolote: “Alikuwa katika chumba chenye moto.” Kifaa cha kubana kidoleni chaweza kuonyesha oksijeni ya kawaida hata kwa mtu aliyejaa sumu hii, hivyo maneno yenu ndiyo yatakayomwongoza mganga.

Namalizia kwa yale ambayo ofisi yaweza kuwasaidia. Anayetaka jiko lake au bomba lake likaguliwe apitie kwa Mtendaji wa Kijiji, naye atawasiliana na afisa afya wa kata. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanapopita majumbani msiwaone wapelelezi. Waulizeni, na waonyesheni chumba mnacholala. Vijana mafundi na vikundi vya akina mama vinavyotaka kutengeneza majiko banifu na mabomba bora vimwone Afisa Maendeleo ya Jamii kuhusu mikopo inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo ni kwa ajili ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Nanyi wenyeviti wa vitongoji, nawaomba kila mmoja ahesabu nyumba za wazee wanaoishi peke yao. Mzee asiye na blanketi ndiye atakayeingiza karai la makaa chumbani. Blanketi moja kutoka kwa jirani laweza kuokoa maisha yake kuliko hotuba yangu.

Serikali imeweka Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034, ukilenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati hiyo ifikapo mwisho wake. Tutafika. Lakini Julai hii haitungoji, na kuni zitawaka katika nyumba zetu wiki hii. Basi kila jioni, yule wa mwisho kulala asimame mlangoni, atazame ndani, na aulize swali letu: moto huu unapumulia wapi? Kama jibu ni bombani na juu ya paa, na hewa ina mahali pa kuingilia, na moto unaelekea kuzimika, alale salama. Kama jibu ni humu ndani, autoe nje kwanza, ndipo afunge mlango.